Bibi Fundo na Nyavu za Maji Marefu

Marehemu mama yetu, ambaye kando ya ziwa wote walimwita Bibi Fundo, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1947, katika nyumba ileile aliyofia. Siku hizo maji yalifika ngazi ya mlango wa nyuma, na mama yake aliosha vyombo bila kushuka. Alikuwa mtoto pekee wa mshona nyavu. Usingizi wake wa utotoni ulikuwa na mitumbwi inayogongana taratibu chini ya dirisha.

Shule alisoma mpaka darasa la saba. Mwalimu aliwahi kuwaambia wachore ziwa, naye akalipaka weusi katikati hadi karatasi ikatoboka. Alipoulizwa kulikoni, alijibu kwamba pale ndipo penye kina. Mwalimu alimkemea kwa uchafu, lakini picha aliibandika ukutani.

Alimaliza shule, akashika sindano ya baba yake. Nyavu zake zilisifika kwa fundo lisiloteleza na kwa kimo: zilishuka, zikashuka, mpaka kwenye giza walikolala samaki wakubwa. Mwaka 1968 aliolewa na fundi wa mitumbwi wa ng'ambo ya pili, mtu wa mizaha, akahamia huko. Wazazi walipozeeka, alirudi kwao pamoja na mumewe.

Kisha ziwa likaanza kwenda. Hakuna aliyeliona likiondoka. Watu waliamka tu, nyasi zimeota palipokuwa na maji. Mbuzi wakapumzika chini ya gati. Wavuvi waliacha makasia wakashika pondo, miti ya kusukumia mtumbwi penye maji haba, na samaki wa kubebwa begani wakawa wa kutosha kiganjani. Mumewe, bila ubishi, alianza kuunda mitumbwi bapa. Mkewe aliombwa na wavuvi nyavu fupi, maana zile ndefu zilirudi na matope. Alikataa katakata. Mwisho walikubaliana juu ya kikunjo: alishona kimo chote, akakunja sehemu ya chini na kuifunga kwa uzi mwembamba, ili siku ya siku ifunguliwe. Walimtania kwamba anashonea ziwa la ndotoni.

"Limehama tu," aliwaambia. "Hata mimi niliolewa nikahama, mbona nimerudi?"

Mwanawe, mvuvi, alichoka na uzito wa kikunjo, akakikata kwa kisu. Baadaye aliacha uvuvi, akafyatua matofali palepale palipokuwa ziwa. Mama alinuna msimu mzima. Alimwambia mkwewe, ndiye huyu anayewasomea maneno haya, kwamba hakulilia wavu. Aliogopa kufa akiwa amekosea maisha yake yote.

Mumewe alifariki mwaka 2006. Macho ya Bibi Fundo yakafifia, lakini vidole havikusahau. Kwa kupapasa tu alimshonea mwanawe wavu wa mwisho, wenye kikunjo kama kawaida. Mwana aliutundika nyuma ya mlango, asithubutu kuukata wala kuutumia.

Miaka hii miwili ya mvua ilimkuta kitandani, anaugua figo. Kila jioni aliuliza maji yamefika wapi. Mwana, kwa huruma, akasema yamefika ngazini. Mama alicheka, akasema vyura bado wanalia mbali, asimdanganye mtu mzima. Lakini maji yalikuja kweli. Yalifunika tanuri la matofali, yakapita gati, na usiku mmoja vyura wakalia chini ya dirisha. Mama aligeuzia sikio dirishani.

Tarehe 14 mwezi huu, alfajiri, mwana aliutungua wavu, akaenda nao katikati ya ziwa, akakata ule uzi mwembamba. Alirudi moja kwa moja hadi kitandani. Aliiweka kamba ya chini, ingali inachuruzika maji, mkononi mwa mama yake. Bibi Fundo aliipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho, akaileta puani.

"Haina matope," alisema.

"Haikugusa chini, mama."

Aliishikilia mpaka shuka ikalowa, nasi hatukumnyang'anya. Alifariki mchana huo, amefumba mkono.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, mkwe, wajukuu wanne na kitukuu mmoja ambaye tayari ameshaharibu sindano mbili. Ameacha pia wavu, nao asubuhi hii uko majini, umefunguliwa wote.

Mama, lala kwa amani. Maji yako ngazini.