Marehemu Cuthbert Ambrosi: Maziwa Hayakumuua

Ndugu waombolezaji, Cuthbert Ambrosi alizaliwa hapa Chiungutwa, wilaya ya Masasi, tarehe 3 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa mzee Ambrosi. Anayesoma ni mimi Agnes, dada yake niliyemfuata.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha sekondari Chidya, akamaliza 1992. Akarudi kulima korosho, na chini ya mikorosho yake palifagiwa kama sebuleni.

Mwaka 1998 alimwoa Winfrida wa Makote, Newala. Siku ya kujitambulisha alikokota baiskeli mlima mzima, akafika amelowa jasho hata mkwewe akauliza, "Huyu kaja kuposa au kaja kuoga?"

Alhamisi, 11 Julai 2024, alipuliza dawa ya wadudu tangu asubuhi, bomba mgongoni. Aliporudi mkewe akampa maziwa, maana wapulizaji wa huku tunaamini yanakata sumu. Hajamaliza kikombe, mate yakamchuruzika, machozi, jasho, kifua kikakoroma.

Mdogo wetu Alfredi akaruka: "Mama Benedikto, umemtilia nini kaka?"

"Maziwa tu, shemeji. Hata mimi nimeyanywa."

"Kunywa tena tukuone!"

Akanywa. Na mimi nikakinusa kikombe, nikapekua jiko lake. Saa mbili zikaisha tunamhoji mwanamke, marehemu kalala na shati lililolowa.

Hospitalini daktari alimmulika macho. Mboni zilikuwa kama tundu la sindano, moyo unapiga polepole. Hakuuliza alikula nini. Aliuliza, "Mbona hamkumvua shati?"

Akatueleza. Amri ya kutoa mate au kupunguza mwendo wa moyo hutoka kwenye ubongo kwa neva ndefu, ikaishia kwenye kifundo cha neva kilicho jirani na moyo au tezi yenyewe. Pale neva hiyo humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, ikavuka upenyo mdogo na kuiamsha neva ya pili, fupi, inayofikisha amri kwa kumwaga kemikali ileile. Kisha kuna kimeng'enya cha kuifuta, amri ikome. Dawa ya wadudu hukifunga kimeng'enya hicho. Amri inapigwa, inapigwa, haikomi.

Bomba lilivujia mgongoni, sumu ikaingia kwa ngozi kabla ya maziwa, na ikaendelea kuingia tukibishana. Walimdunga dawa, lakini tulishachelewa. Alifariki Jumapili, tarehe 14, saa nne asubuhi.

Tangu jana nasikia minong'ono huko nyuma, eti mjane arudishwe Makote. Mnaotafuta wa kumshuku, anzeni na mimi. Nilikuwepo, nina mikono miwili, na sikufungua kifungo hata kimoja.

Marehemu ameacha mke, Winfrida, atakayekaa katika nyumba yake; watoto wawili, Benedikto na Cecilia; na ndugu wawili, Alfredi na mimi, tuliomwomba Winfrida msamaha leo asubuhi. Bado hajatujibu.

Kaka Cuthbert, upumzike kwa amani.