Sista wa Hesabu

Seremala alikuwa ndani ya basi, akimpeleka bintiye kuanza kidato cha kwanza kwa masista, aliposikia wanawake wawili wa kiti cha mbele wakiitaja shule hiyohiyo. Akatega sikio huku akijifanya anakagua kufuli la sanduku.

"Mimi walinifukuza kwa mimba," alisema mshonaji mwenye futi shingoni. "Ule mwaka wa bweni jipya. Sista mkuu alinifungulia geti mwenyewe, hata kwaheri hakuniambia."

"Pole, dada," alijibu nesi. "Mimi pia yalinikuta. Nilipojifungua sista akanirudisha darasani, mwanangu akashinda jikoni kwa mpishi. Wazazi wa wenzangu walipokuja juu, aliwaambia anayetaka kuhamisha bintiye ahamishe."

"Sista yupi huyo?"

"Yule mrefu, wa hesabu."

"Ndiye huyohuyo. Mwaka gani?"

"Miaka miwili baada ya hilo bweni jipya."

Mshonaji alimgeukia. "Basi alijifunza kwangu. Angenitafuta aniambie."

"Labda aliona aibu."

"Na mimi niliyebaki na yangu?"

Basi likasimama getini. Seremala alishusha sanduku, akamshika bintiye mkono.

"Ukipatwa na lolote humu, mwanangu," alimwambia, "mimi ndiye wa kwanza kuambiwa."