Dada Breki, Aliyezima Filamu Kabla ya Mwisho

Ndugu waombolezaji, mniwie radhi mapema. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, fundi cherehani. Nimepewa ukurasa huu kwa sababu kaka yetu mkubwa macho yamechoka, na dada yangu anayenifuata kwa juu hawezi kusoma mistari miwili bila kulia. Mkisikia nakwama, msidhani ni msiba peke yake. Marehemu alinituma jambo, nalo nimeliweka mwisho wa wasifu huu, maana nikianza nalo sitaweza kusoma yaliyobaki.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Juni 1959, mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya bohari alikokuwa akifanya kazi baba. Tangu utotoni alipenda kujua kitu kinaweza kubeba nini. Siku moja, wazazi wakiwa wametoka, alichukua kiti kipya cha sebuleni akatuita mmoja mmoja tukae juu yake. Kwanza kaka mkubwa. Kisha mdogo wake wa kike juu ya kaka. Kiti kikalia, naye akaniita mimi. Kilivunjika nikiwa juu kabisa, na hadi leo nina kovu kidevuni la kuthibitisha. Baba aliporudi akauliza nani amevunja kiti, kaka na yule dada mwingine wakanyoosha vidole kwa aliyepanda mwisho, yaani mimi. Dada akasema, "Hapana, baba. Yeye alipanda tu. Mimi ndiye niliyeendelea kuwaita wakati kiti kinalia." Alichapwa peke yake. Baadaye baba alimsimulia kila mgeni kisa hicho kwa majivuno, kana kwamba kiti hakikuwa kipya.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha mwaka 1973 akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya wasichana. Mwalimu mkuu wa huko alitaka kombe la riadha kwa udi na uvumba, na rafiki yake marehemu alikimbizwa akiwa na homa mpaka akaanguka uwanjani. Msichana yule alipona, lakini dada yetu alitoka pale na njaa ya ajabu ya vitabu. Alisoma vya wapanda milima walioacha vidole kwenye barafu, vya manahodha waliokataa kugeuza meli, vya makampuni yaliyoendeshwa kwa kasi mpaka yakapasuka. Kila kitabu alikisoma hadi karibu na mwisho, akakifunga. Mkutubi alimlalamikia kwamba kurasa za mwanzo zimechakaa na za mwisho ziko kama zimetoka dukani leo. Alimjibu kwamba mwisho wake anaujua, anachotafuta ni pale ambapo mtu angeweza bado kugeuka. Mkutubi alimwambia basi angalau azifungue zile za mwisho, zipate hewa.

Baada ya sekondari alisomea uendeshaji wa viwanda katika chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1982. Mwaka uliofuata aliajiriwa kiwanda cha biskuti, kwanza kama karani wa zamu, kisha msimamizi wa zamu. Wengi wenu hapa mlifanya kazi naye. Mnakumbuka joto la tanuri, mkanda unaoleta biskuti kwenye meza za kufungia, na unga unaoingia hata kwenye kope. Mwaka 1988 kilikuja kipindi cha oda nyingi, zamu zikaunganishwa. Mfungaji paketi mmoja, mama wa watu, alisinzia akiwa amesimama, mkono wake ukavutwa na mkanda, akapoteza vidole. Dada aliwaita wote kantini baada ya ajali. Kila aliyesimama alisema maneno yale yale: "Nilijua." Fundi wa mkanda alijua. Mpishi wa kantini alijua, kwa sababu yule mama alikuwa akilala mdomo wazi mbele ya sahani. Hata mlinzi wa getini alijua. Marehemu mwenyewe alisema alijua, na alisema hivyo akiwa amesimama mbele yao wote.

Ndipo zikaanza filamu za Jumatano. Televisheni iliwekwa juu ya friji ya kantini, na zamu inayotoka ikaunganika na zamu inayoingia. Filamu zilikuwa zile zile za vitabu vyake: kocha anayewakimbiza vijana mpaka wanatapika, nahodha mkaidi, mkurugenzi anayetaka ndege iruke leo leo. Watu wakishaingia ndani ya kisa kabisa, wanang'ata kucha, marehemu alinyanyuka akabonyeza kitufe. Picha inaganda. Kisha anauliza, "Nani ameshajua?"

Watu walilalamika. "Ah, mama! Meli ndiyo kwanza inaingia dhorubani!"

"Nani ndani ya meli ameshajua?"

Fundi wa tanuri, ambaye yuko hapa leo na mvi zake, alijibu, "Yule mpishi, mama. Tangu alipoacha kuosha sufuria."

"Mbona hakusema?"

"Aseme wapi? Nani atamsikiliza mtu wa sufuria?"

"Haya. Na wewe ukijua, utasema wapi?"

Kutokana na swali hilo walitunga utaratibu wao, ambao sijausikia katika kiwanda kingine. Mtu yeyote kwenye mkanda, hata aliyeajiriwa asubuhi ile, akitamka "Dakika hii," mkanda unazimwa kwanza, maswali baadaye. Walianza kwa kuutania. Mtu mmoja alitamka "Dakika hii" kwa sababu chakula kimechelewa, na mwingine aliitumia kumzuia mchumba wake asimwache. Lakini mkanda ulizimwa kila ilipotamkwa, na dada alikuja kila mara bila kununa. Hapo ndipo alipopata jina la Breki, nasi nyumbani tukalizoea.

Mwisho wa filamu hakuuonyesha hata mara moja. Kuna wafanyakazi walionunua kaseti kwa fedha zao ili wakaangalie wenyewe, na mimi, niliyealikwa Jumatano moja, nilimwambia kuwa anawatesa watu wazima. Alicheka, akasema, "Wewe ulilala tangu nahodha anavaa kofia, unadai mwisho wa nini?" Hilo lilikuwa kweli.

Shemeji yetu, fundi friji, alikuja kantini mwaka 1990 kutengeneza ile friji iliyobeba televisheni. Ilikuwa Jumatano. Akavuta kiti. Picha ilipoganda alisimama na bisibisi mkononi, akadai kwa sauti filamu iendelee, kwani hajamaliza kazi na haondoki. Marehemu alimwambia aje Jumatano inayofuata. Alikuja, na nyingine, na friji ile ikawa mbovu kwa miezi. Walifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1991. Shemeji ameniruhusu niseme siri ya nyumba yao: Jumamosi, watoto wa majirani waliokuja kutazama televisheni wakishatawanyika, walikaa wawili wakaangalia zile filamu mpaka mwisho. Dada alilia kila mara, kama mtu asiyejua kinachokuja, na shemeji alimshika mkono na kumwambia, "Mama, hii si tuliiona mwezi uliopita?"

Mwaka 1993 walijaliwa binti yao wa pekee, mpwa wangu, ambaye mnamwona mbele pale amevaa nguo niliyomshonea.

Mwaka 2014 daktari alimwambia marehemu kwamba moyo wake umechoka na kazi ile haiuwezi tena. Tulidhani atabishana. Siku hiyo hiyo alipita kiwandani, akakabidhi funguo, akaagana na kila meza, akapanda nyuma ya pikipiki ya shemeji wakaenda nyumbani. Wapo waliosema ametishika mapema. Alikaa nasi miaka mingine kumi, akipalilia mboga na kuazimisha kaseti zake kwa watu wasiokuwa tena na mashine ya kuzichezea. Sisemi haya kumsifu tu. Nataka ieleweke kwamba aliyowauliza watu wengine alijiuliza na yeye, akajijibu.

Alipoondoka, filamu za Jumatano zikawa za mwezi, kisha hazikuwepo. Televisheni ilihamishiwa chumba cha wageni. "Dakika hii" haikufutwa. Ilitakiwa tu mtu aipitishe kwanza kwa msimamizi wake, na msimamizi kwa ofisi. Sina ugomvi na meneja, ambaye ametuletea turubai hili na viti. Naeleza ilivyokwenda.

Mpwa wangu aliajiriwa kiwandani humo mwaka 2017. Leo ni msimamizi wa zamu, mkanda ule ule wa mama yake. Tangu mwaka huu uanze oda zimekuwa kubwa, zamu zimeunganishwa tena, na yeye huziba kila pengo: mtu akiugua anasimama yeye, mashine ikikwama anabaki yeye. Mwezi Agosti mama yake alimkuta amelala kwenye kiti cha jikoni, viatu mguuni, kijiko mkononi. Alimwamsha, akamuuliza lile swali. Binti akacheka na kumwambia, "Mama, usinizimie filamu yangu." Dada alinisimulia akicheka na yeye, lakini mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua upindo wa kanga.

Mwezi Septemba maradhi yalimzidi, akalazwa. Katika wiki ya mwisho nilikaa naye mchana. Hakuzungumzia moyo wake. Alimzungumzia mwanawe.

"Mimi haniogopi tena," alisema. "Na baba yake anamdekeza. Wewe ni mjomba wake. Ukiona, sema. Usisubiri mpaka kila mtu aje kusimama kantini aseme alijua."

"Dada, mimi sina sauti ya kusemea watu."

"Ya kugombana na wateja unaitoa wapi?"

"Nimwambie faraghani basi."

"Faraghani atakutania, utacheka, mtakunywa chai. Msemee mbele za watu, akose pa kukimbilia."

Nilimuahidi ili alale. Sikufikiri kwamba mbele za watu ingekuwa hapa.

Dada yetu alifariki dunia Jumanne asubuhi, tarehe 8 Oktoba 2024, mume wake akiwa amemshika mkono. Mchana wa siku ile mpwa wangu alikwenda kiwandani kukabidhi zamu kwa mwenzake. Mwenzake hakuja, akaimaliza yeye. Tangu hapo amepokea wageni, amehesabu viti, ametafuta gari, amemlisha baba yake, na ameandaa programu hii mliyoshika, isipokuwa ukurasa huu. Huu niliupeleka mwenyewe kwa mchapaji, nikamsihi asimwonyeshe.

Juzi nilimpima nguo ya leo. Mimi nina vipimo vyake tangu akiwa mtoto, na mtu akipungua huwa naona kabla hajageuka. Nilipunguza kiuno, akaijaribu, nikapunguza tena. Wakati nachomeka pini alisinzia amesimama. Alisinzia kweli, ndugu zangu, akaniegemea begani, mikono ikiwa imenyooshwa pembeni kama nilivyomwambia aiweke. Aliposhtuka akaomba radhi, akasema nifanye haraka kwa sababu kesho yake ana mambo, na kwamba Jumapili, yaani kesho, amepangwa zamu ya asubuhi. Niliogopa kiasi kwamba nilijichoma pini na sikuisikia. Tangu hapo sijalala vizuri. Kila nikifumba macho namwona yule mama wa mwaka themanini na nane, ambaye sikuwahi hata kukutana naye.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, kaka yake mkubwa, mdogo wake wa kike, mimi, wapwa, majirani wa pande zote mbili, na wafanyakazi wenzake ambao baadhi yenu bado mnanuka biskuti hata mkiwa mmevaa suti.

Hapa nitaacha kusoma kidogo, nami naomba mnyamaze wote.

Nani ameshajua?

Fundi wa tanuri, umemwona kwenye mkanda, nyoosha mkono. Jirani, unayeona taa ya jikoni kwake, nyoosha. Shemeji, nyoosha, usiangalie chini. Meneja, wewe ndiye unayepanga zamu, na naamini hukuja hapa ukiwa na macho yaliyofumbwa. Mimi mkono wangu mnauona, ndio huu uliochomwa pini.

Mpwa wangu, mwanangu, najua umekasirika. Kasirika ukiwa umekaa. Viti vitahesabiwa na wengine, wageni watapata maji bila wewe, na kesho asubuhi mkanda ule, kama hauna mtu wa kuusimamia, usiwashwe. Hakuna anayekuuliza kwa nini. Maswali baadaye.

Dakika hii.

Mama yako apumzike kwa amani. Nawe, mwanangu, pumzika ungali hai.