Amplifaya ya Harusi ya Salhiya

Baraza letu liko chini ya maghorofa ya Michenzani, upande unaopata kivuli baada ya laasiri, na halina uhaba wa mabingwa. Yupo Abbas Kontena, aliyewahi kwenda Uchina kununua nusu kontena la mafeni na mpaka leo anazungumza kama mwenye bandari. Yupo Abdulla Msumari, aliyepigana na ukuta wa chumba chake mwezi mzima ili atundike saa. Saa yenyewe sasa inakaa juu ya friji. Mimi wananiita Pasipoti, kwa sababu nimeishi Maskati na Hamburg nikarudi na masanduku mawili ya makoti ya baridi. Na yupo Tahir, fundi wa pasi na mafeni, ambaye siku hiyo alikuja na simu mkononi na jambo zito kifuani: binti yake Salhiya anaolewa mwezi ujao, na yeye kamuahidi amplifaya ya sherehe atakayoiunga kwa mikono yake. Vipande vinauzwa kwa seti, ubao, transfoma na vikorokoro vyote. Kilichobaki ni kuchagua muuzaji, na lazima aagize leo, la sivyo seti haitowahi.

— Si ukodi muziki tu, yakhe? nikamwambia.

— Nguo kashona mama'ke. Hina watapaka mashangazi. Biriani kalishikilia jirani, Bi Rukaiya. Mie nna nini changu katika harusi hii? Nisimame mlangoni nipeane mikono na watu?

 Kontena akajivuta mbele, kama kaulizwa yeye.

— Agiza Uchina, akasema. Ila mwanzo muulize muuzaji, transfoma ina uzito gani? Muuzaji mwongo transfoma yake nyepesi.

— Hilo kweli, akasema Tahir.

Kusifiwa kukampandisha Kontena kichwa.

— Halafu skiza. Kiwandani kule mna milango mitatu. Mlango wa mali ya Ulaya, mlango wa mali ya Arabuni, na mlango wetu sisi. Mwambie akutolee mlango wa pili.

— We umeiona milango hiyo? akauliza Msumari.

— Nliiona kwa mbali.

— Kwa mbali wapi? Safari nzima hukutoka hotelini, tumbo lilikushika!

— Dirisha la hoteli lilikuwa kubwa.

Msumari akampa mgongo, akamgeukia Tahir.

— Achana na Uchina. Agiza kwa Mjerumani. Majumba haya nani kasaidia kuyajenga kama si yeye? Nshapinda misumari mingapi humu? Mtu anaejenga ukuta hivi, amplifaya yake itakuwaje?

— Haitoingia msumari, nikasema.

— Cheka tu, Pasipoti.

— Nshakaa nao mie, nliwaoshea masahani. Seti yao inakuja na kitabu kizito kuliko hiyo transfoma. Kurasa za mwanzo wanakufundisha namna ya kufungua boksi.

— Na taarabu hawaijui, akadakia Kontena. Transista zao zimezoea kwenda sawasawa. Utatia taarabu, itatoka gwaride. Biharusi ataingia ukumbini anapiga saluti!

— Jamani, akasema Tahir, mwanangu ni mmoja. Nambieni la maana.

Nikaona zamu yangu imefika. Nikashusha kikombe, nikatumia ile sauti yangu ya mtu aliyepita viwanja vya ndege.

— Tazama picha za muuzaji. Ukiona mkono wa mtu, uangalie vidole. Kama vina alama za kuungua na lehemu, huyo fundi. Kama visafi, huyo dalali.

— Na ile redio ya Maskati uliinunua kwa kutazama nini? akauliza Kontena.

— Muuzaji alikuwa na tabasamu zuri.

— Ikalia?

— Taa yake iliwaka.

Walipomaliza kunicheka, Tahir akasema polepole, kama anaeomba ruhusa:

— Na Fayaz wa Darajani? Seti anazo dukani.

— Fayaz! Kontena nusura amwage kahawa. Fayaz tumesoma nae! Mtu tuliemuona akikimbia sindano ya skuli atakuwa na kitu gani cha maana?

— Tena Darajani, akasema Msumari. Hata jasho hulitoi. Kitu kizuri kikae karibu hivyo?

— Lakini nnaishika, nnaipima, ikileta ukorofi nnamrudishia.

— Ndo ujue hana imani na mali yake, akasema Kontena. Angekuwa na imani nayo, angekaa mahala usipoweza kumfikia.

Hapo akashuka Bi Badria, dada yake Tahir, kikapu mkononi. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akasimama. Nadhani kelele zetu alizisikia tokea ghorofa ya tatu.

— Nawaulizeni kitu. Sherehe ile ya wanawake watupu. Sauti ikikatika watu wako katikati ya kucheza, nani kati yenu ataingia kuitengeneza?

Kontena akamnyooshea kidole Msumari, Msumari akaninyooshea mimi. 

— Tahir atavaa buibui, nikajaribu.

— Na masharubu yale? akasema Bi Badria.

 Tahir alikuwa kainamisha kichwa, na nilivyomjua, alikuwa anaiona harusi ya mwanawe ikimpita mlangoni. Mara akainuka.

— Spika zikae ndani. Amplifaya ikae nje, chini ya dirisha, na mie nayo. Ikizima, ntaiwasha. Na mwanangu akichezewa ngoma, ntasikia.

Akapiga simu, akaiweka sauti ya juu.

— Fayaz! Amplifaya ya harusi ntaiweka nje, chini ya dirisha la ukumbi. Waya wa spika unao?

— Naam, kaka. Ninao roli zima.

— Basi na seti nachukua kwako. Nnakuja sasa hivi.



— Karibu, akasema Fayaz. Waya nikukatie mita ngapi? Kutoka hapo dirishani mpaka anapokaa biharusi?

Tahir akatutazama. Sisi tuliokuwa tukijua milango ya viwanda vya Uchina tukatazamana, kisha tukageuka sote kumtazama Bi Badria.

Akaweka kikapu chini, akamsogeza Kontena kwa kiwiko, akakaa barazani.

— Kwanza nitilieni kahawa.