Nukta ya Kijani Kifuani mwa Shemasi Hollis

Zimeni hiyo televisheni, wanangu, mvute viti karibu, na wewe Nadine acha kunipangia mto, mto hauna kosa, kosa liko mapafuni. Muuguzi ameniambia nisiseme sana. Huyo hajanijua. Mimi Verna Crutchfield nimesema miaka themanini na mitatu katika mji huu, kuanzia saluni ya Earlene mpaka jikoni mwa kanisa, sitajifunza kunyamaza leo, siku ambayo hatimaye mmelazimika kunisikiliza.

Nyumba na malisho wakili ameshaandika. Lililobaki ni moja, lile mnalolinong'ona mkidhani nimelala: bastola yangu ndogo, ya mkobani. Royce, unaitaka kwa kuwa wewe ndiye mwana wa kiume. Nadine, unaitaka kwa kuwa Royce anaitaka. Nikifa bila kuitajia mrithi mtanuniana, sikukuu ya Shukrani itakuja na kupita kila mtu na bata mzinga wake kwake, kama mimi na marehemu dada yangu Oleta tulivyonuniana miaka kumi na mmoja kwa ajili ya kikaango cha chuma. Sitaki kwenda kaburini na hilo. Lakini simtaji mtu kabla sijawapa habari za leza, taa ya kulengea iliyo chini ya mtutu wake, maana atakayeirithi bila kuijua leza ataumiza mtu, na huenda akawa yeye mwenyewe.

Niliinunua macho yaliponigomea. Nikikitazama kile chuma cha kulengea kwenye ncha ya mtutu, kopo ninalolilenga linakuwa ukungu. Nikilitazama kopo, chuma kinatoweka. Nikaenda dukani kwa Lonnie Tackett, muuza bunduki, yule aliyeoa mara tatu, mara mbili mwanamke yuleyule, habari hiyo kamuulizeni Earlene. Lonnie akanitolea leza nyekundu.

"Hii inakutosha, Bi Verna. Bei yenyewe ya kirafiki."

"Urafiki wako naujua, Lonnie. Hebu tutoke nayo nje."

Ndani ya duka ile nukta nyekundu iling'aa kama pilipili. Nje, saa sita ya mchana, Julai, tuliitafuta kwenye ukuta wa ghala kama watu waliodondosha sindano, mimi na yeye, mpaka akavua kofia akajikuna. Tukaijaribu ya kijani, tukaiona mara moja. Akasema ya kijani inakula betri. Nikamwambia hata baba yenu alikuwa anakula, na nilikaa naye miaka arobaini na sita. Kwa hiyo mkinunua leza msinunulie dukani kwenye kivuli. Mwizi naye huja mchana. Na mchague ile inayowaka mkono ukishika mpini, kidole cha kati kikibonyeza chenyewe, siyo ile ya kutafuta kitufe, kwa maana siku ya hofu vidole husahau hata kufunga kifungo cha blauzi.

Kosa langu lilikuwa la ala. Nilifunga leza, bastola ikanenepa, ikakataa kuingia kwenye ala yake ya zamani, nami kwa uvivu nikaitumbukiza mkobani hivihivi, pamoja na peremende na vibanio vya nywele, nikaenda nayo kanisani Jumapili nzima. Kibanio kimoja tu kingeingia kwenye kifyatulio, mahubiri yangekatika. Mungu alinistahi kwa sababu ya uzee. Ninyi hamjazeeka, nunueni ala inayolingana na leza, inayofunika kifyatulio chote.

Kisha ipimeni. Mtu akiuziwa leza hudhani risasi itakwenda penye nukta kwa heshima. Haiendi. Leza iko chini, risasi inatoka juu. Mimi yangu niliikaza zikutane hatua saba, kwa kuwa jikoni kwangu hakuna umbali zaidi ya huo. Ukiwa karibu kuliko hapo risasi itapiga juu ya nukta kidogo, ukiwa mbali itapiga chini yake. Betri mbadilishe mara mbili kwa mwaka, siku zile tunazosogeza saa za ukutani mbele au nyuma. Na kulenga kwa chuma msikusahau, maana betri hufa na chuma hakifi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa wewe Royce. Nilikutazama pale malishoni ulipoijaribu. Mkono wa kila mtu hutikisika kidogo na nukta hutikisika nao, dawa yake ni kuvumilia, ukafinya kifyatulio taratibu kama unayemkamua ng'ombe ndama wake asiamke. Wewe uliisubiri nukta ipite juu ya kopo, ikipita unakichapa kifyatulio kama nzi. Kopo lipo mpaka leo. Birika la kunyweshea ng'ombe halipo. Wewe chukua bunduki ya baba yako ya kuwindia paa, ile umeizoea, nayo ni yako.

Usicheke, Nadine. Wewe ndiwe uliyeitoa bastola mkobani mwangu, ikiwa na risasi, ukamchezesha paka kwa ile nukta zulia zima. Nilipopiga kelele ukasema, "Lakini Mama, anaipenda." Paka hana akili, ana udhuru. Kikaango cha Oleta ni chako, pamoja na majuto yake.

Nipeni maji kidogo. Haya.

Kuna jambo hamlijui, wala mji huu haulijui, na mimi kuweka jambo mji huu usilijue ni muujiza. Mwaka juzi, baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga, mliona jinsi watu walivyoleta vyakula, sahani kila mahali zenye majina chini yake kwenye vipande vya plasta. Alasiri moja nilikuwa nimejilaza, nikasikia vyombo vikigongana jikoni. Twyla, mkeo Royce, alikuwa nyuma anaanua nguo. Nikachukua bastola, nikajikokota na fimbo mpaka mlangoni, nikaona mgongo wa mtu, mkubwa, ameingia nusu ndani ya friji langu.

Nikamwambia, "Geuka, mwanaharamu."

Akageuka, na alikuwa Shemasi Hollis Pettibone, amekuja kurudisha sahani yangu kwa mlango wa nyuma bila kubisha, kama tunavyofanya sote, na akaliona pai la njugu za pekani. Lilikuwa midomoni, kwenye masharubu, na sinia lenyewe kalikumbatia. "Dada Verna," akasema, "nilikuwa naonja kama limeharibika."

Nukta ya kijani ilikuwa kifuani pake. Kisha ikawa kwenye tai. Kisha kwenye sinia, kisha kwenye kalenda ya ukutani, ikarudi kwa Hollis, ikashuka tumboni. Nami, wanangu, Mungu anisamehe, sikufikiri juu ya Hollis. Nilifikiri leza imeharibika. Nilikuwa namlaani Lonnie Tackett moyoni, na kidole changu kiko ndani kabisa, juu ya kifyatulio.

Twyla akaingia na kapu la nguo. Hakupiga kelele. Aliliweka kapu chini, akaja ubavuni, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Mama, toa kidole. Leza ni nzima. Mkono wako ndio unaotikisika."

Akapitisha mkono wake chini ya wangu, mtutu ukaelekea sakafuni, akachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akavuta chuma cha juu cha bastola nyuma, ile risasi iliyobaki ikamrukia, akaitia mfuko wa aproni. Kisha akamkatia Hollis kipande cha pai akamwambia aende nacho nyumbani.

Hollis hakusema kwa sababu ana kisukari na mkewe anahesabu hata zabibu anazokula. Ukimya wake ulinunuliwa na pai. Lakini Twyla? Nilikaa nikingoja. Jumatano nilikwenda kwa Earlene nikiwa nimejikunja kama mtu anayengoja kofi, hawakujua kitu. Wiki nne, hawakujua kitu. Nikategesha mitego, nikauliza kwa kuzunguka. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ile haikumwaga tone. Akanipeleka kwa daktari wa mikono kaunti ya tatu, kusudi gari langu lisionekane. Na Royce, funga mdomo, ndiyo, hata wewe mumewe unayelala naye kitanda kimoja unalisikia leo.

Na mimi huyu mkwe nimemfanyia nini? Miaka thelathini na miwili nimewaambia watu mkate wake wa mahindi unafaa kuezekea banda. Nimesema ndoa yake ya kwanza ilivunjika kwa uvivu wake, na nilijua mume yule alikuwa akimpiga. Nilijua, wanangu. Hadithi ilikuwa tamu zaidi vile nilivyoisimulia. Mwanamke mwenye habari yangu kubwa kuliko zote, na hakunilipiza hata kwa neno moja.

Twyla, acha vyombo. Njoo hapa. Bastola ni yako. Iko kwenye kabati, tupu, risasi ziko mbali nayo, betri ni mpya. Mkono wako umetulia na mdomo wako umetulia. Mimi sikuwa na hata kimoja. Nisamehe. Usiseme "hakuna shida, Mama". Shida ilikuwapo.

Sasa nimechoka. Mnizike na gauni la buluu. Hollis asinihubirie, atalia. Mwambieni Earlene... Earlene mwambieni nilisema uongo juu ya Twyla. Mwambieni mbele ya watu.

Mungu atulize mikono yenu. Awape macho. Awape... wa kuwaambia toa kidole.

Royce. Nadine. Bastola ni ya Twyla. Semeni sawa, nisikie.

Nimesikia mmoja.

Nadine. Mama yako... hana pumzi ya kuuliza tena.

Haya. Haya, mwanangu. Wote wawili.