Wanamteremsha Gingerly

Benchi la nje ya duka la kushonea hukaliwa na watu walewale kila asubuhi, na kahawa ikishamiminwa, hakuna jambo wasilolijua. Asubuhi hiyo Fundi Cherehani alitoka ndani mbio, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, simu mkononi. Mwanawe wa pekee alikuwa ng'ambo, mjenzi wa maghorofa. Jukwaa walilokuwa wamesimama juu yake lilikuwa limekatika, na mwenzake wa kazini alikuwa ameandika mstari mmoja tu wa Kiingereza: wanamteremsha “gingerly”. Kila Fundi akimpigia mwanawe, simu inaita mpaka inakatika.

— Tangawizi hiyo, alisema Wembe, kinyozi wa duka la pili. Ginger si tangawizi? Wamempaka asisikie maumivu.

— Watampakaje mtu anayening'inia juu ya ghorofa? alidakia Dobi. Hiyo ni winchi, bwana. Imepewa jina la aliyeiunda.

— Winchi wapi! alirudi Wembe. Basi ni nesi. Mwenye nywele nyekundu, Wazungu huwaita watu hao “ginger”. Kapanda mwenyewe kumfuata!

— Jamani, ni mwanangu huyo, alisema Fundi.

Wakanywea. Wote wakamgeukia Kamusi, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akipuliza kahawa yake.

— Tangawizi haimo kabisa, alisema. Wanaochimba maneno wanadhani ukoo wake ni Kifaransa cha kale, neno la mtu laini, aliyelelewa vizuri. Nacho kilirithi kutoka Kilatini: “aliyezaliwa”. Sasa maana yake ni kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kuumiza.

Aliyezaliwa. Fundi alikumbuka siku mkunga alipomwekea mtoto huyo mikononi, naye akaogopa hata kupumua.

— Umesikia? Wembe alimpiga begani. Wanambeba kama yai!

Mama mmoja aliyefuata gauni lake alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza.

— Samahani, kaka zangu. Wanamteremsha hivyo akiwa mzima, au...?

Dobi alichungulia ndani ya kikombe chake kitupu. Kamusi alivua miwani, akaivaa tena. Fundi akapiga simu, macho ameyafumba. Safari hii ikapokelewa. Akasikia upepo, vyuma vikigongana, watu wakipigiana kelele, kisha sauti ya kukwaruza:

— Baba, hebu waambie hawa wanishushe haraka kidogo. Baridi itaniua huku juu.