Malachy Ruane na Nyuki wa Dohani ya Padden

Padri, shemeji yangu Attracta, watoto wa marehemu, ndugu na majirani mliokanyaga tope la Cloonarra kuja kumsindikiza kaka yangu, mimi ni Jarlath Ruane, mdogo wake marehemu, na familia imeniagiza niwasomee maisha yake tangu alipozaliwa hadi alipotutoka, na nimeambiwa nisiruke ukurasa hata mmoja.

Marehemu Malachy Ruane alizaliwa tarehe 9 Novemba 1943, katika nyumba ileile aliyofia, hapa Cloonarra, jimbo la Mayo, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Thady Ruane na marehemu Nora Ruane, nami nikamfuata baada ya miaka minne, na baada yangu hakuja mwingine. Nyuma ya zizi baba alikuwa na mizinga sita ya nyuki weusi wa asili ya huku, wenye manyoya marefu, wanaotoka kwenda kazini hata kwenye manyunyu, maana huku kwetu anayesubiri jua atakufa njaa.

Alisoma shule ya msingi ya Cloonarra kuanzia Septemba 1948 hadi Juni 1957, na mwalimu wake aliandika kwenye ripoti ya mwisho kwamba mtoto huyu ana macho makali na masikio ya hiari, maneno ambayo mama aliyahifadhi kwenye kitabu chake cha sala, na ambayo shemeji yangu anasema hayajapitwa na wakati hata siku moja.

Tarehe 10 Aprili 1961 aliajiriwa na posta, akapeleka barua kwa baiskeli, kisha kwa gari la kijani, kwa miaka arobaini na saba, hadi alipostaafu Novemba 2008. Kwa kuwa alisimama kwenye kila mlango wa parokia hii, alijua kila ufa wa ukuta na kila dohani, yale mabomba ya moshi ya paani, ambayo nyuki waliingilia, akayaandika yote katika daftari, na wengi wenu mnakumbuka jinsi mlivyosimama mlangoni mkingoja barua zenu huku yeye ametazama juu ya paa. Mzee mmoja wa upande wa juu wa parokia alimwambia, "Malachy, hiyo barua ni ya binti yangu wa Boston au ya nyuki?" naye akamjibu bila kushusha macho, "Nyuki wako wanaandika mara nyingi zaidi kuliko binti yako."

Alifunga ndoa na Attracta Lavelle tarehe 17 Agosti 1974, katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Dympna, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1976, na Cathal, aliyezaliwa tarehe 30 Machi 1979, ambaye amesafiri kutoka Toronto kuja kumzika baba yake. Attracta alimwuliza zamani, mbele yangu, "Nyumba ikiwaka moto, mimi nimo na malkia wako yumo, utamtoa nani kwanza?" Malachy akafikiri kweli kweli, kisha akasema, "Wewe una miguu." Walicheka wote wawili, na sijaona ndoa iliyotulia kama ile.

Baba yetu alifariki tarehe 11 Januari 1979, na kabla ya kukata roho alimshika Malachy mkono akamwambia, "Usiwaache weusi wakaisha," na Malachy akaahidi. Wenzetu wengi walikuwa wameanza kuagiza malkia wa rangi ya manjano kutoka nchi za jua, wapole, wenye asali nyingi, na madume wao hawaheshimu ua wala mpaka, kwa hiyo kila mwaka weusi walizidi kuchanganyika. Halafu ukaja utitiri, wadudu wadogo wanaowafyonza nyuki, na majira ya baridi ya mwaka 1999 mizinga ya baba ikafa yote. Nilimkuta kaka yangu amepiga magoti kwenye theluji, amefunika mizinga mitupu kwa makoti, kana kwamba mtu anaweza kumfunika maiti akapata joto.

Ndipo akaanza kuwatafuta upya. Alikumbuka kwamba mwaka 1956 kundi moja la nyuki wa baba lilihama likaingia kwenye dohani ya nyumba ya akina Padden, na nyumba ile ilipobaki tupu, hakuna aliyewasha moto chini yao. Mwezi Mei 2009, akiwa na uhuru wa mstaafu, alipanda ngazi akakata masega, akashuka nao, malkia akiwa hai, na alipowaangalia mkononi machozi yakamtoka, akaniambia, "Jarlath, hawa ndio wa baba." Wiki hiyohiyo alitoa kundi jingine kwenye ukuta wa kiwanda cha maziwa kilichofungwa, nao pia weusi kwa kuwatazama, lakini yeye alitikisa kichwa akasema weusi wa nje si damu.

Hata hivyo hakutaka kuamini macho peke yake, maana ni desturi ya wafugaji wa nyuki hawa kupima mishipa ya mbawa, ambayo kwa chotara hupangika tofauti, nyuki thelathini kwa kila kundi, na malkia ambaye wanawe wameonekana machotara huuawa, ili madume wake wasiharibu wengine. Jumamosi tarehe 18 Julai 2009 alichukua nyuki thelathini kutoka kila moja ya makundi hayo mawili, akawaweka kwenye chupa mbili, akabandika karatasi moja yenye jina Padden na nyingine yenye jina Kiwanda, akanipa mimi nizipeleke jikoni. Mvua ikanikuta njiani. Nilizitia mfukoni mwa koti lililolowa, na nilipofika mlangoni karatasi zote mbili zilikuwa zimebanduka. Nilimwona Attracta amekaa kando ya jiko, nikaona aibu kuitwa mzembe kwa mara nyingine, nikazibandika kwa kubahatisha.

Ndugu zangu, huu ndio ukurasa ambao nimeambiwa nisiuruke.

Jioni ile Malachy alizimulika mbawa kwa ile mashine ya kuonyeshea picha, juu ya shuka jeupe ukutani, akapima kwa rula, akapima tena, na chupa iliyoandikwa Kiwanda ikatoka safi, na ile iliyoandikwa Padden ikatoka chotara. Akaiweka rula chini. Kisha akasema, "Basi macho yangu yamezeeka," na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, mdomo ninao, nikanywa chai. Kesho yake baada ya misa alimtafuta malkia wa Padden, akamminya kwa vidole viwili, akamtia kwenye kichupa cha spiriti, akakiweka dirishani jikoni, na nafasi yake akampa binti wa malkia wa kiwandani. Mwaka uliofuata mabinti wa yule wa kiwandani walijaa mizinga yake kumi na moja, na mingine mingi ya kwenu, na mnajua wenyewe jinsi walivyokuwa wakali, hata mtu wa posta aliyemrithi akawa anatupa barua kutoka kwenye dirisha la gari.

Mwaka 2015 alipeleka sampuli za nyuki wake chuo kikuu, wakapimwe damu, na majibu yakaja kwamba mizinga yote kumi na moja ni machotara. Tangu siku ile hakupanda tena ngazi ya mtu, hakuangalia dohani, na daftari alilifunga kwa kamba. Septemba 2017 aligundulika na ugonjwa wa kutetemeka, ule ambao madaktari wanauita Parkinson, na Novemba iliyopita akawa wa kitandani. Tarehe 11 mwezi huu nilikaa naye, akaniambia, "Nilimwahidi baba, Jarlath, na kumbe sikuwahi kuwajua nyuki wake." Nafasi ilikuwa hiyo, chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Nikamwambia, "Pumzika, usijichoshe." Aliaga dunia Jumapili tarehe 25 Februari 2024, saa kumi na mbili asubuhi, kwa homa ya mapafu.

Kama ilivyo kawaida yetu, nilichukua ufunguo wa nyumba nikagonga kila mzinga, nikawaambia nyuki kwamba bwana wao amefariki, na nikawaomba wasiondoke. Jumanne ikaja barua. Dympna alikuwa amechukua mguu mmoja wa yule malkia wa kwenye kichupa, bila kumwambia baba yake, akaupeleka chuo kikuu mwezi Novemba, na majibu yalisema malkia yule alikuwa mweusi safi, hana tone la damu ya kigeni. Alinisomea jikoni, akaniuliza, "Baba mdogo, inakuwaje?" Nikamweleza habari za zile karatasi. Akasema, "Na hukumwambia hata alipokuwa amelala pale?" Alinipa ule ufunguo, akasema, "Nenda tena mizingani. Mara ya kwanza hukumaliza kuwaambia. Na Jumatano utasoma wewe." Shemeji yangu tangu jana hajaniambia neno, isipokuwa kuniuliza kama nimekula.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, nesi wa parokia aliyekuja kila asubuhi hata barabara ilipofunikwa na maji, majirani mliochimba kaburi na mliojaza jikoni mikate na chai, na watu wa posta waliosimama barabarani na magari yao leo asubuhi. Dympna anawaomba kwamba, badala ya maua, mtu yeyote mwenye nyuki weusi kwenye dohani au ukutani asiwachome wala asiwapulizie dawa, amwite kwanza, kwa sababu amelifungua lile daftari, na kuna mahali ishirini na tatu ambapo baba yake aliwaona na hakuwahi kurudi. Ngazi nitabeba mimi. Chupa atabeba mwenyewe.

Malachy, kaka yangu, ulale sasa bila deni kwa baba. Uliwatambua. Macho yako hayakukosea.